Lang'ata na Kibra: Eneobunge Moja Lililozaa Mawili

Tangu uchaguzi wa 1969, eneobunge la Lang'ata jijini Nairobi limewakilishwa na wabunge saba, na anayewasoma kwa mfuatano bila maelezo hupata shida kuelewa ni wapiga kura wa aina gani waliowachagua. Yunis Ali, wa kwanza katika orodha hiyo, alitoka katika jamii ya Wanubi waliokaa Kibera, leo mtaa mkubwa wa mabanda, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwangi Mathai alimfuata mwaka 1974. Kuanzia 1979 hadi 1992 kiti kilikuwa cha Philip Leakey, Mkenya mweupe, mwana wa wanaakiolojia Louis na Mary Leakey. Raila Odinga alikitwaa mwishoni mwa 1992 na kukikalia kwa miaka 20. Baada yake wamekuja Joash Olum wa ODM, chama cha Raila, mwaka 2013, Nixon Korir wa Jubilee mwaka 2017, na Felix Odiwuor, ambaye Wakenya wengi humjua kwa jina la Jalang'o, aliyechaguliwa kwa tiketi ya ODM mwaka 2022.

Mazoea yetu ni kuisimulia historia ya namna hii kwa kuwafuata watu: fulani alimshinda fulani, fulani alihama chama, fulani alikufa. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini hayaelezi kwa nini kiti kilichokuwa ngome ya mtu mmoja kwa miongo miwili kilikwenda kwa chama pinzani mwaka 2017, huku ngome yenyewe ikiwa haijabadilika hata kidogo. Maelezo ya jambo hilo yamo katika mpaka. Hadi mwaka 2013 jina la Lang'ata lilibeba jamii mbili za wapiga kura zilizoishi jirani bila kuishi maisha yanayofanana: upande mmoja Karen na mitaa ya watu wenye kipato cha kati kama Nairobi West, upande wa pili Kibera. Mpaka ulipopitishwa katikati yao, kila upande ukapata mbunge wake, na tukaona kwa mara ya kwanza kura za nani zilikuwa zikifanya kazi gani.

Enzi ya chama kimoja

Uchaguzi wa Desemba 1969 ulifanyika wiki chache baada ya serikali kukipiga marufuku chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga. KANU, chama tawala, ikabaki peke yake, na tangu hapo hadi 1992 mpiga kura aliyeingia kituoni hakuwa na la kuamua kuhusu nani aitawale Kenya. Alichoweza kuamua ni mwana-KANU yupi ampeleke Bungeni. Hali hiyo iliugeuza uchaguzi wa eneobunge kuwa shindano la watu binafsi: nani anajulikana, nani anaweza kuleta maji au shule, nani ana marafiki serikalini. Katika eneo lenye mchanganyiko kama Lang'ata, ambako hakuna kabila lililoweza kujitosheleza kwa kura zake lenyewe, mgombea alilazimika kuokota kura huku na huko mpaka zitoshe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu iliyowezesha Mnubi, Mkikuyu na Mzungu kupokezana kiti kimoja katika kipindi cha miaka kumi.

Kisa cha Mwangi Mathai kinastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu matokeo yake yalivuka mipaka ya Lang'ata na ya Kenya yenyewe. Katika kampeni ya 1974 aliwaahidi wapiga kura ajira. Aliposhinda, mkewe Wangari, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliichukua ahadi hiyo kwa uzito kuliko wanasiasa wanavyozichukua ahadi zao, akaanzisha kampuni aliyoiita Envirocare. Wazo lilikuwa kwamba watu wa mitaa maskini wa eneobunge waajiriwe kutunza bustani za matajiri na kuotesha miche ya kupandwa. Kampuni haikudumu. Walioajiriwa walihitaji kulipwa mapema, hata nauli ya basi, kwa kuwa hawakuwa na akiba ya kuwafikisha kazini, wakati wateja walitaka kazi ifanywe kwanza ndipo walipe. Pengo hilo la siku chache kati ya mshahara na malipo lilitosha kuiangusha, na nadhani linaieleza Lang'ata ya wakati ule vizuri kuliko hotuba yoyote ya Bungeni: matajiri na maskini wenye mbunge mmoja, na hakuna aliyekuwa tayari kuugharimia muda uliokuwa kati yao.

Wazo la miche lakini halikufa. Wangari alilipeleka katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni 1977 miti saba ikapandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa harakati za Mshipi wa Kijani, zilizompatia Wangari Maathai Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Yeye mwenyewe aliingia Bungeni mwaka 2002 kama mbunge wa Tetu, huko Nyeri. Lang'ata, ambako ahadi ya kwanza ilitolewa, haijawahi kuchagua mbunge mwanamke hadi leo, na Kibra vilevile.

Leakey alimshinda Mathai mwaka 1979, katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Rais Daniel arap Moi. Alikihifadhi kiti mwaka 1983, na tena mwaka 1988 wakati wa uchaguzi wa mlolongo, ambapo katika mchujo wa KANU wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao au picha yake, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Alipata kuwa waziri msaidizi. Wengi humkumbuka kwa rangi yake, kwa kuwa wabunge weupe waliochaguliwa na wananchi baada ya uhuru walikuwa nadra mno. La kuzingatia zaidi, naona, ni kwamba alikuwa mbunge wa mwisho wa Lang'ata kushinda kwa kuokota kura pande zote. Vyama vingi viliporudi, hesabu ilibadilika.

Kibera kama ngome

Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu Juni 1982, kilifutwa Desemba 1991. Raila Odinga, aliyekaa kizuizini kwa vipindi vitatu kati ya 1982 na 1991 na kisha kukimbilia Norwei, alirudi nyumbani mapema mwaka 1992. Baba yake, Jaramogi, alikuwa akigombea Bondo. Mwana akachagua Lang'ata, na hapakuwa na jambo la kubahatisha katika uamuzi huo. Kibera ilikuwa imejaa wapangaji waliotoka Nyanza na magharibi mwa nchi kutafuta kazi Nairobi, na hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa FORD-Kenya, chama cha baba yake, katika jiji. Mwezi Desemba Raila akamwondoa Leakey.

Kuanzia hapo, Lang'ata ilifuata nyendo za mtu mmoja kutoka chama hadi chama. Jaramogi alipofariki Januari 1994, Raila alishindania uongozi wa FORD-Kenya na Kijana Wamalwa, akashindwa, akahamia NDP. Sheria ya wakati huo ilimtaka mbunge anayekihama chama kilichomdhamini aachie kiti na kurudi kwa wananchi. Raila akafanya hivyo, na mapema mwaka 1997 Lang'ata ikamrudisha Bungeni katika uchaguzi mdogo, mara hii kwa tiketi ya NDP. Mwisho wa mwaka huohuo ikamchagua tena. Mwaka 2002 ilimchagua kwa NARC, mwaka 2007 kwa ODM. Vyama vinne, chaguzi tano, mtu yuleyule. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba wapiga kura wa Kibera walikuwa wakimchagua mtu, na kwamba chama kilikuwa nembo tu katika karatasi ya kura.

Uaminifu huo haukumaanisha kwamba mambo yalikuwa shwari. Mwishoni mwa 2001, Rais Moi na Raila, aliyekuwa waziri katika serikali yake wakati huo, walitoa kauli hadharani kwamba kodi za nyumba Kibera zilikuwa juu mno na zinapaswa kupunguzwa. Wapangaji walizichukua kauli hizo kama amri. Wenye nyumba, wengi wao Wanubi, walizichukua kama tangazo la vita. Ghasia zilizofuata ziliua watu, zikachoma nyumba na kuacha kidonda kati ya majirani. Hapa ndipo ugumu wa kuiwakilisha Kibera unapoonekana. Wanubi walikuwa wakidai ardhi ile tangu babu zao, askari wa Kiafrika katika jeshi la kikoloni la KAR, waruhusiwe kukaa hapo, na serikali zote zilizofuata ziliihesabu kuwa ardhi ya umma. Mwenye nyumba hakuwa na hati, mpangaji hakuwa na mkataba, na mbunge aliyesimama upande mmoja alikuwa ameuacha mwingine. Hatimiliki ya ekari 288 kwa jamii ya Wanubi ilitolewa Juni 2017, na Rais Uhuru Kenyatta.

Mpango wa serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, wa kuboresha mitaa ya mabanda, ambao Raila aliusimamia kwa muda akiwa waziri wa barabara, ujenzi na nyumba, ulianzia katika kijiji cha Soweto Mashariki, Kibera. Wakazi wa kwanza walihamishiwa katika nyumba 600 zilizojengwa upande wa Lang'ata mwezi Septemba 2009, ili vibanda vyao vibomolewe na kujengwa upya. Ulikuwa mwanzo wa kweli, lakini mwanzo mdogo kwa mtaa wa ukubwa ule, na haukuwa wa haraka.

Siku ambayo urais ulipitia Lang'ata

Kuna kipengele cha Katiba ya zamani ambacho wasomaji wachanga huenda hawakijui, na bila hicho uzito wa Lang'ata mwaka 2007 haueleweki. Kabla ya 2010, aliyetaka kuwa Rais wa Kenya alilazimika pia kuchaguliwa kuwa mbunge. Angeweza kupata kura nyingi kuliko wote nchini, angeweza kufikisha asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane kama sheria ilivyotaka, lakini akishindwa katika eneobunge lake mwenyewe urais ulikuwa umempita. Kwa hiyo wapinzani wa Raila walikuwa na njia mbili za kumzuia: kumshinda katika nchi nzima, au kumshinda Lang'ata.

Njia ya pili ilijaribiwa kwa nguvu. Mfanyabiashara Stanley Livondo aligombea Lang'ata kwa tiketi ya PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki, na kampeni yake ikawa mojawapo ya zile zilizofuatiliwa zaidi nchini, ingawa kiti kilikuwa kimoja kati ya 210. Asubuhi ya tarehe 27 Desemba 2007, Raila alifika katika shule ya msingi ya Old Kibera kupiga kura, akaambiwa jina lake halimo katika sajili ya kituo. Hakuwa peke yake. Wapiga kura wengi ambao majina yao yalianza kwa herufi zilezile walikuwa wamekosekana. Kila aliyekuwa pale alijua maana ya upungufu wa kura katika Lang'ata. Tume ya uchaguzi iliirekebisha sajili, muda wa kupiga kura ukaongezwa, Raila akapiga kura yake na kukihifadhi kiti cha ubunge.

Urais ulitangazwa kuwa wa Kibaki, na yaliyofuata yanajulikana. Kibera iliungua, soko la Toi likateketea, reli ipitayo katikati ya vibanda iking'olewa na vijana. Raila akawa Waziri Mkuu Aprili 2008 katika serikali ya mseto, akiwa bado mbunge wa Lang'ata. Katiba ya 2010 ililiondoa sharti la ubunge kwa wagombea wa urais. Mwaka 2013 Raila aligombea urais pekee, na Lang'ata ikabaki wazi. Wakati huohuo ilikuwa imeshakatwa vipande viwili.

Hesabu ya kugawanya

Kwa nini ikatwe? Jibu limo katika ibara ya 89 ya Katiba. Kenya ina maeneobunge 290, idadi iliyoandikwa katika Katiba yenyewe. Idadi ya watu nchini hugawanywa kwa 290, na kila eneobunge linatakiwa kulikaribia jibu hilo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, kwa hiyo wastani ulikuwa 133,138. Kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, Katiba inaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 juu au chini ya wastani. Kwa maeneo mengine ni asilimia 30.

Kwa kipimo hicho, Lang'ata ya zamani, iliyokuwa na zaidi ya watu 350,000, ilizidi mara mbili na nusu ya wastani. Embakasi, jirani yake wa mashariki, ilikuwa na zaidi ya watu 900,000. Lamu Mashariki, kwa upande mwingine, haikufikisha watu 19,000, nayo ilikuwa na mbunge mmoja kama Lang'ata. Kura moja ya Lamu Mashariki Bungeni ilikuwa na uzito wa kura zaidi ya 18 za Lang'ata. Hali hiyo ilikuwa imekuzwa kwa miongo mingi: maeneobunge yaliongezwa awamu kwa awamu, kutoka 158 hadi 188 hadi 210, lakini si lazima pale watu walipokuwa wakiongezeka.

Nairobi ilikuwa na maeneobunge manane. Sasa mtu akichukua watu 3,138,369 waliohesabiwa jijini na kuwagawanya kwa 133,138, anapata karibu viti 24. Jiji lilipewa 17. Hakuna aliyeiba viti saba. Jedwali la sita la Katiba lilikataza eneobunge lolote lililokuwapo lisifutwe katika mapitio ya kwanza, na kwa kuwa maeneo 27 madogo yalilindwa kwa njia hiyo, viti vya kugawa vikapungua. Jiji lilisukumwa hadi ukingoni mwa kiwango kinachoruhusiwa. Asilimia 40 juu ya wastani ni watu 186,393. Nairobi ikigawanywa kwa 17 inatoa takriban 184,600 kwa kila kiti, na ikigawanywa kwa 16 inavuka mpaka. Kwa hiyo 17 ndiyo idadi ndogo kabisa ambayo Katiba ingeweza kuivumilia, na ndiyo iliyochaguliwa.

Kazi hiyo ilianzwa na tume ya muda ya mipaka iliyoongozwa na Andrew Ligale, ikaleta mabishano Bungeni na mahakamani, na ikakamilishwa na tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, chini ya Isaack Hassan mwaka 2012. Lang'ata ilitoa Kibra, eneobunge jipya la upande wa Kibera, na kila moja ikabaki na watu wanaokaribiana sana kwa idadi, takriban 176,000 na 178,000. Kibra ilipata wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Lang'ata ilibaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise.

Tazama wadi hiyo ya mwisho kwa makini. Nyumba za ghorofa za Highrise zinapakana na vibanda vya Soweto Mashariki. Watu wa pande hizo mbili hukutana dukani, kanisani na katika kituo cha matatu, lakini mpaka ukawaweka katika maeneobunge mawili. Raila mwenyewe, aliyekuwa na makazi Karen, alijikuta akilala katika eneobunge moja na kupiga kura katika jingine, kwa sababu aliendelea kuwa mpiga kura wa Kibera hadi mwisho.

Jambo jingine la sensa ile linahusu Kibera moja kwa moja. Kwa miaka mingi ilikuwa ikitangazwa duniani kuwa mtaa wa mabanda wenye watu milioni moja, au karibu hivyo. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Wapo waliokasirika, hasa wale ambao kazi zao za misaada ziliegemea idadi ile kubwa, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba watu hawakuhesabiwa vyema. Lakini kwa suala letu athari iko wazi. Kama Kibera ingekuwa na watu milioni moja, ingestahili wabunge wasiopungua sita. Kwa 170,070 ilistahili mmoja, na mmoja ndiye iliyempata.

Mbunge wa kwanza wa Kibra

Kupata mbunge wao wenyewe kulikuwa na maana ya fedha pia. Tangu 2003 Kenya imekuwa na hazina ya ustawi wa maeneobunge, ambayo leo hujulikana kwa kifupi NG-CDF, inayotoa sehemu ya mapato ya serikali moja kwa moja kwa kila eneobunge. Kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo hugawanywa sawa bila kujali ukubwa wa idadi ya watu, kugawanywa kwa Lang'ata kulikuwa karibu sawa na kuiongezea fungu la pili. Mahakama zimetilia shaka uhalali wa hazina hii zaidi ya mara moja, kwa hoja kwamba mbunge aliyetumwa kutunga sheria na kuisimamia serikali hapaswi kuwa mtoa huduma. Naiona hoja hiyo kuwa nzito. Hata hivyo, mtu aliyeishi katika mtaa ambao mzazi husubiri basari ndipo mtoto arudi shuleni hawezi kuipuuza hazina hiyo.

Ken Okoth alilielewa jambo hilo kutokana na maisha yake. Alikulia Kibera, akasoma kwa ufadhili katika shule ya Starehe, akaendelea na masomo Marekani na kufundisha huko kabla ya kurudi na kuchaguliwa mbunge wa kwanza wa Kibra mwaka 2013. Aliielekeza nguvu yake katika elimu: basari na ujenzi wa shule. Alichaguliwa tena mwaka 2017, na mwaka 2019 akawaeleza wananchi waziwazi kwamba alikuwa na saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Alifariki tarehe 26 Julai 2019. Wanasiasa wa Kenya huugua kwa siri, na familia zao hutoa taarifa wakati wa mazishi. Okoth aliuzungumzia ugonjwa wake akiwa hai, na kwa kufanya hivyo aliwapa wengine ujasiri wa kwenda kupimwa. Namheshimu kwa hilo kama ninavyomheshimu kwa shule.

Uchaguzi mdogo wa kuijaza nafasi yake, tarehe 7 Novemba 2019, ulikuwa mtihani wa kwanza wa kweli wa ngome hiyo bila jina la Raila wala la Ken Okoth katika karatasi. Naibu Rais William Ruto alimuunga mkono McDonald Mariga wa Jubilee, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa na wa Inter Milan. Tume ilimzuia Mariga kwa muda kwa sababu jina lake halikuonekana katika sajili ya wapiga kura, kisha akaruhusiwa. Sheria inamtaka mgombea ubunge awe mpiga kura aliyesajiliwa, lakini haimtaki asajiliwe katika eneobunge analoligombea. ODM ilimsimamisha Imran Okoth, ndugu ya marehemu, na viongozi wake wakaiita Kibra chumba cha kulala cha Raila, wakimaanisha kwamba mgeni hana ruhusa ya kuingia. Imran alipata kura 24,636, Mariga 11,230, na Eliud Owalo wa ANC 5,275. Ngome ilisimama, ingawa zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu alipigia kura wagombea wengine. Mwaka 2022 kiti kilikwenda kwa Peter Orero, mwalimu mkuu wa zamani, tena kwa ODM.

Sasa linganisha na ng'ambo ya pili ya mpaka. Mwaka 2013 Lang'ata ilimchagua Olum wa ODM, mwaka 2017 ikamchagua Korir wa Jubilee, mwaka 2022 ikarudi ODM kwa Jalang'o. Katika chaguzi hizo tatu Kibra haikuyumba hata mara moja. Kilichoitwa ngome ya Lang'ata kwa miaka 20 kilikuwa Kibera, na ilipoondolewa, Lang'ata iliyobaki ikawa eneobunge la ushindani wa kweli, ambalo mgombea wa chama chochote anaweza kulipata akijituma. Nadhani wakazi wa Lang'ata wamefaidika na hilo, kwa kuwa mbunge anayejua kwamba anaweza kuondolewa husikiliza zaidi.

Mpaka ujao

Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, na IEBC wakati huo haikuwa na kamishna hata mmoja. Makamishna wapya, wakiongozwa na Erastus Ethekon, waliapishwa Julai 2025. Miezi michache baadaye, Oktoba 2025, Raila alifariki dunia, akiiacha Kibra kwa mara ya kwanza bila mtu ambaye kura zake zilikuwa zikimfuata. Katiba pia inasema kwamba mapitio yanayokamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu hayatumiki katika uchaguzi huo.

Yatakapofanyika, hesabu ya awali ni hii. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na wastani mpya ni takriban 164,000 kwa kila eneobunge, huku kikomo cha jiji kikiwa karibu 229,600. Nairobi, yenye watu 4,397,073, haiwezi tena kutosha katika viti 17, kwa maana kila kimoja kingebeba zaidi ya watu 258,000. Inahitaji 20 kwa uchache. Kwa kuwa jumla ya 290 haibadiliki bila kuibadilisha Katiba, na kwa kuwa ulinzi wa maeneo madogo uliandikwa kwa ajili ya mapitio ya kwanza pekee, viti hivyo vitatu italazimu vitoke mahali pengine, na hapo ndipo vita halisi vitakapopiganiwa.

Kibra na Lang'ata, hata hivyo, hazimo katika mstari wa mbele wa vita hivyo. Sensa ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra na 197,489 katika ile ya Lang'ata, na wote wako ndani ya kikomo. Hakuna sababu ya kihesabu ya kuzigawa tena. Kinachoweza kubadilika ni pembeni mwa mpaka, kwa sababu Katiba inaitaka tume izingatie pia mahusiano ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni ya wakazi, na inaitaka iwasikilize. Mkazi wa Highrise anayeamini kwamba maji yake, barabara yake na shule ya watoto wake viko upande wa Kibra atakuwa na haki ya kusimama mbele ya tume na kusema hivyo, na mkazi wa Woodley anayeona kinyume chake atakuwa na haki hiyohiyo. Mwaka 2012 malalamiko ya aina hiyo yalifika hadi Mahakama Kuu kutoka pande nyingi za nchi, na baadhi ya wadi zikahamishwa kwa amri ya majaji.